Martin Luther King Naye Alitafuta Kazi

Kila mitihani ya mwisho ikikaribia, vimbweta vyetu vinageuka ofisi za ajira. Mada ni moja tu: tukitoka hapa, wapi? Mmoja ana mjomba wizarani. Mwingine anasubiri majibu kutoka pale alipofanyia fildi. Wa tatu hana kitu isipokuwa bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti. Rafiki yetu mmoja anayesomea theolojia huwa anatucheka. Anasema yeye hana presha: akimaliza, dayosisi yake itampangia usharika, na akiambiwa aende kijijini atabeba sanduku lake ataenda.

Nilimwambia ashukuru, maana si kila mchungaji ana bahati hiyo. Yako madhehebu yasiyo na askofu wa kumpangia mtu kituo cha kazi. Wabaptisti wa Marekani ni mfano mzuri. Kwao kila kanisa linajitegemea. Linamwita mchungaji wake lenyewe, linamlipa lenyewe, na likimchoka linaachana naye lenyewe. Kijana anayetoka chuo cha theolojia anasaka kazi kama sisi tu: anaulizia, anaandika barua, anaunganishwa na mtu anayemjua mtu, halafu anaitwa kwenye usaili. Ila usaili wake unafanyika Jumapili mchana kweupe mbele ya kanisa zima, na swali ni moja: hubiri, tukusikie.

Mmoja wa waliopita njia hiyo ni Martin Luther King. Wengi tunamjua kwa maandamano ya Washington ya 1963, kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 1964, na kwa risasi iliyomuua mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968 akiwa na miaka 39. Mimi nataka tumwangalie akiwa na miaka 25: ameoa juzi juzi, tasnifu haijaisha, na hajui mwaka ujao atakuwa wapi. Yaani akiwa kama sisi.

Mtoto wa mchungaji

Alizaliwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, tarehe 15 Januari 1929. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Ebenezer, na kabla ya baba, mchungaji wa kanisa hilo hilo alikuwa babu mzaa mama. Kwa hiyo kanisa lilikuwa kama shamba la ukoo. Mrithi alikuwa anajulikana tangu utotoni.

Mrithi mwenyewe hakuwa na haraka. Aliingia Chuo cha Morehouse mwaka 1944 akiwa na miaka 15, na mwanzoni mawazo yake yalikuwa kwenye udaktari au uanasheria. Ibada za makelele na watu kupagawa zilimwonea haya. Alitaka dini ambayo mtu msomi angeweza kuisimamia bila kuficha uso. Pale Morehouse alikutana na walimu waliokuwa wachungaji na wasomi kwa wakati mmoja, akiwemo mkuu wa chuo, Benjamin Mays, ndipo akaona kumbe inawezekana. Mwaka 1947 alihubiri mahubiri yake ya kwanza ya majaribio kwenye kanisa la baba yake, na Februari 1948 akabarikiwa kuwa mchungaji, hata kabla hajasoma theolojia. Kwa Wabaptisti hilo si jambo la ajabu.

Mwaka ule wa 1944 ulimwachia pia makovu mawili. Alikuwa amekwenda mji mwingine wa Georgia kwenye mashindano ya kutoa hotuba. Wakati wa kurudi, dereva wa basi alimwamuru yeye na mwalimu wake wasimame ili abiria Wazungu wakae. Walisimama kilomita kama 145 hadi Atlanta. Kiangazi chake alikwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku huko Connecticut, kaskazini, ambako aliweza kuingia mgahawa wowote akakaa popote. Safari ya kurudi kwa treni ikamrudisha kwenye mabehewa ya kubaguliwa, na baadaye, katika safari kama hizo za kusini, akakalishwa nyuma ya pazia kwenye behewa la chakula ili Wazungu wasimwone akila. Pazia lile hakulisahau, na tutalikuta tena mbele.

Baada ya shahada ya sosholojia Morehouse, alikwenda chuo cha theolojia cha Crozer, Pennsylvania, wanafunzi wengi wakiwa Wazungu. Alichaguliwa kuwa rais wa wanafunzi (viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi mpo?) na mwaka 1951 akamaliza akiwa wa kwanza darasani. Akaunganisha moja kwa moja na masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Boston.

Boston, na Coretta

Boston ndiko alikokutana na Coretta Scott mwaka 1952. Dada huyu alikuwa mwanafunzi wa muziki, sauti yake ndiyo iliyokuwa mtaji wake, na alikuwa ametoka mbali. Alizaliwa mashambani Alabama, katika kaunti ambayo watoto Wazungu walipanda basi la shule na watoto weusi wakatembea kwa miguu. Alikuwa amepigania kutoka kule. Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1953 nyumbani kwa wazazi wake, na mzee King ndiye aliyewafungisha.

Msimu ule wa baridi, kati ya 1953 na 1954, masomo ya darasani yalikuwa yameisha. Kilichobaki hasa kilikuwa tasnifu, iliyolinganisha jinsi wanatheolojia wawili, Paul Tillich na Henry Nelson Wieman, walivyomwelewa Mungu. Msimamizi wake wa kwanza, Edgar Brightman, alikuwa amefariki mapema mwaka 1953, ikabidi aendelee na mwingine, Harold DeWolf. Waliowahi kubadilishiwa msimamizi katikati ya utafiti wanajua maana yake.

Kazi zilikuwepo. Makanisa mawili ya kaskazini mashariki, moja Massachusetts na jingine New York, yalionyesha nia. Vyuo vitatu vilimtaka, kimoja kikimpa ualimu, kingine udini wa kitivo, kingine kazi ya utawala. Baba yake alimtaka arudi Ebenezer waongoze pamoja. Kule hakukuhitajika usaili; kiti kilikuwa tayari na chakula mezani.

Hebu tuwe wakweli, nani kati yetu angehangaika zaidi ya hapo? Lakini ndani yake kulikuwa na mvutano. Alipenda ualimu, akapenda na uchungaji. Baada ya kuyapima aliamua aanze na kanisa, chuo kingekuja baadaye. Na alitaka kanisa lisilo chini ya kivuli cha baba.

Usaili wa Montgomery

Ndipo likajitokeza Kanisa la Kibaptisti la Dexter Avenue, Montgomery, makao makuu ya Alabama. Lilikuwa halina mchungaji. Kanisa lenyewe ni la matofali, si kubwa, lakini mahali liliposimama panasema mengi: hatua chache tu kutoka jengo la bunge la jimbo, pale ambapo mwaka 1861 Jefferson Davis aliapishwa kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuutetea utumwa. Waumini wake wengi walikuwa watu waliosoma, walimu wa shule na wahadhiri wa chuo cha watu weusi cha pale mjini.

Kanisa hilo lilikuwa na sifa nyingine: lilisumbua wachungaji. Aliyetangulia, Vernon Johns, alikuwa mhubiri mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Aliwasema waumini wake kwa kuogopa Wazungu na kwa kujiona, na akawatia aibu kwa kuuza mazao ya shamba pale pale kanisani, akiwafundisha kwamba mtu mweusi ajitegemee. Alijiuzulu mara kadhaa kwa hasira, na safari ya mwisho wakamkubalia. Mzee King aliyajua yote hayo, akamwonya kijana wake asiende kujitafutia matatizo kwa mashemasi wale.

Kijana akaenda. Januari 1954 alikuwa mapumziko Atlanta, na Jumamosi moja akaendesha gari karibu kilomita 260 hadi Montgomery. Njiani alikuwa anasikiliza redioni opera ya Donizetti. Hilo peke yake linaonyesha ni mtu wa namna gani: Mbaptisti wa kusini, mtoto wa mchungaji, mwanafunzi wa Boston, anakwenda kwenye usaili huku anasikiliza opera.

Usiku wa kuamkia Jumapili ulimkuta na wasiwasi. Alikwishahubiri mara nyingi, lakini safari hii alijua anapimwa. Awape usomi, maana ni wasomi? Au ahubiri kama alivyofundishwa nyumbani, amwachie Mungu mengine? Mwisho aliamua kwamba asifikirie kujionyesha. Tarehe 24 Januari alipanda mimbarani akahubiri juu ya vipimo vitatu vya maisha yaliyokamilika. Urefu ni mtu kujijali mwenyewe na kukuza vipawa vyake, upana ni kuwajali wengine, na kimo ni kumtafuta Mungu. Ukikosa kimoja, jengo limepinda. Ni mahubiri aliyoendelea kuyahubiri hadi miaka yake ya mwisho.

Baada ya ibada, kamati ilikaa naye na kumuuliza kama angekubali wakimwita. Akajibu kwa uangalifu kwamba angelifikiria kwa uzito. Dexter hapakuwa mahali pekee: mwezi huo huo alihubiri pia katika kanisa moja la Chattanooga, Tennessee.

Kaskazini au kusini?

Machi 1954 Dexter walimwita rasmi. Mshahara ulikuwa dola 4,200 kwa mwaka, mkubwa kuliko wa mchungaji yeyote mweusi pale mjini. Wengine tungeshapiga simu nyumbani.

Yeye alikuwa kwenye ndege kwenda Detroit kuhubiri, anawaza. Pazia la behewa likarudi. Alijua kwamba kurudi kusini ni kurudi kwenye shule za ubaguzi, mabasi ya ubaguzi, hospitali za ubaguzi, na kuzaa watoto wakakulia humo. Kaskazini kulikuwa na maktaba, marafiki, na nafasi ya kupumua. Upande mwingine kulikuwa na deni ambalo hakuna aliyemdai kwa maandishi. Watu waliomlea walikuwa kule, na tatizo aliloapa kupambana nalo lilikuwa kule. Kila msomi akikimbia, nani abaki?

Coretta ndiye aliyekuwa na cha kupoteza zaidi. Nani angemsikiliza mwimbaji mweusi wa muziki wa jukwaani ndani ya Alabama? Ndoto yake ingebanwa iwe kwaya ya kanisa na kikundi cha wanawake. Waliongea kwa siku nyingi, wakaomba, wakakubaliana waende kusini, angalau kwa miaka michache. Tunapomsifu Martin kwa uamuzi ule, tusimsahau aliyelipa sehemu kubwa ya gharama.

Tarehe 14 Aprili 1954 aliandika barua ya kukubali, na mimi barua hiyo inanifurahisha, kwa sababu haina unyenyekevu wa bandia. Alikubali kwa masharti. Nyumba ya mchungaji itengenezwe na iwekwe samani. Apewe muda wa kumaliza tasnifu, na kanisa ligharamie safari zake kipindi hicho. Na kanisa likikua, mshahara nao ukue. Wale tunaoogopa hata kuuliza nauli kwenye usaili tujifunze. Kanisa likakubali. Kuanzia Mei akawa anaruka kutoka Boston mara moja kwa mwezi kuhubiri, na Septemba yeye na Coretta wakahamia Montgomery.

Kijana mwenye kamati nyingi

Aliingia kwa kishindo. Siku za mwanzo tu aliwasilisha mpango mrefu wa mapendekezo: kamati za fedha, kamati ya kupokea wageni, vikundi vya waumini kufuatana na mwezi wa kuzaliwa, mfuko wa masomo, na kamati ya masuala ya jamii na siasa. Kila muumini ajiandikishe kupiga kura na ajiunge na chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP. Aliweka wazi pia kwamba mamlaka ya mchungaji yanatoka kwa Mungu, kwa hiyo uongozi unashuka kutoka mimbarani. Miaka 25, anawaambia hayo watu wa umri wa baba yake! Yawezekana yale maonyo ya mzee yalikuwa bado yanamlia masikioni.

Tasnifu nayo haikumsubiri. Aliamka saa 11:30 alfajiri, akapiga msuli masaa matatu kabla ya kazi za kanisa. Juni 1955 akapata uzamivu wake. Hapa lazima niseme na lisilopendeza. Mwaka 1991 kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilithibitisha kwamba sehemu za tasnifu ile zilichukua maneno ya wengine bila kuwataja ipasavyo. Hawakumnyang'anya shahada, lakini waliambatanisha barua kwenye nakala ya maktaba. Nani anajua ni haraka, mazoea ya wahubiri kuazimana maneno, au uzembe. Ila kosa ni kosa, na sisi tunaoandika utafiti saa nane za usiku tusijifiche nyuma ya jina lake.

Mwaka ule ule wa 1955, mwezi wa Novemba, walipata mtoto wa kwanza, Yolanda. Watu wakamwomba agombee uongozi wa NAACP ya Montgomery, akakataa. Mtoto mchanga, kazi changa, muda hana.

Wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi. Tarehe 5 viongozi wa watu weusi walikutana kuunda chama cha kuendesha mgomo, na wakamchagua King kuwa rais wake kabla hajapata nafasi ya kukataa. Sababu mojawapo inachekesha kidogo: alikuwa mgeni. Hakuwa na kambi, hakuwa na maadui, wala hajatiwa mfukoni na mtu. Mtu ambaye kwa kawaida alitumia masaa 15 kuandaa mahubiri ya Jumapili akabaki na dakika kama 20 za kuandaa hotuba ya jioni ile mbele ya maelfu. Kijana aliyesimamishwa ndani ya basi mwaka 1944 sasa alikuwa anaongoza mji mzima kutembea kwa miguu.

Walitembea siku 381. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya mchungaji, ile ile iliyotengenezwa kwa masharti ya barua, ililipuliwa kwa bomu Coretta na mtoto wakiwa ndani. Hawakuumia. Baba yake Coretta alikuja usiku ule ule kumchukua binti yake na mjukuu. Coretta akakataa kuondoka. Mwisho wa mwaka, mahakama kuu ya nchi ilikuwa imekwishaamua, na mabasi ya Montgomery yakawa ya wote.

King alibaki Dexter hadi mwanzoni mwa 1960, ndipo akarudi Atlanta kushika ile nafasi ya kando ya baba yake. Kiti kilikuwa bado kinamsubiri. Kabla ya kuondoka alikuwa amewasiliana na Tom Mboya aliyekuwa akitafutia vijana wa Kenya nafasi za kusoma Marekani, na kanisa la Dexter likawa miongoni mwa waliochangia kumsomesha mwanafunzi mmoja Mkenya huko Alabama.

Nilipomaliza kusimulia, rafiki yetu wa theolojia aliuliza swali zuri. Je, angechagua New York, au kile kiti cha dini wa kitivo, tungemjua? Sijui. Huenda tungekuwa na profesa mmoja mzuri ambaye vitabu vyake vingekuwa kwenye rafu ya maktaba yetu, na mgomo wa Montgomery ungeongozwa na mwingine, maana watu wa kutembea walikuwepo tayari. Ninachojua ni kwamba siku anajibu ile barua hakuona mgomo, hakuona Nobel wala risasi. Aliona kanisa dogo la matofali lenye mashemasi wagumu, nyumba inayohitaji ukarabati, mke aliyekubali kwa moyo mzito, na mji ambao watu wake walimhitaji kuliko yeye alivyouhitaji. Akasaini.

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, bahasha tuzibebe, na masharti tuyaandike. Lakini kabla ya kupima mshahara na jina la mji, tujiulize swali lile aliloliwaza kwenye ndege ya Detroit: tukiondoka sote kwetu, nani abaki?